Mzigo Umeutua Wapi?

Kwa miaka yote niliyomjua Mtani, sikuwahi kumsikia akimwitikia mtu wa nyumbani kwetu "marahaba." Ukimwambia "Shikamoo Mtani," alikuangalia kwanza kichwani, akashuka mabegani, kisha akauliza, "Mzigo umeutua wapi?" Na ulitakiwa ujibu. Ukisema huna mzigo, alishika kiuno na kuwaita majirani waje kuona Mnyamwezi asiye na mzigo, kitu ambacho kwao pwani hakijawahi kuonekana. Ukisema umeutua nje, alikuamuru urudi ukaubebe kabla hujaibiwa. Nilikuwa mtu mzima, mwenye cheti cha ndoa, ndipo nikapata jibu lililomnyamazisha kidogo. Nilimwambia mzigo ni yeye.

Yeye alikuwa Mzaramo, sisi Wanyamwezi. Kwa asiyejua mambo hayo, ni hivi: zamani babu zetu walibeba pembe za ndovu vichwani kutoka huku kwetu mpaka pwani, na kila safari walipita na kulala Uzaramo. Huko wakazoeana na wenyeji kwa kutukanana, wakaendelea mpaka matusi yakageuka undugu. Mtani ana haki ya kukutukana nawe usinune, ana haki ya kuchukua kitu chako bila kuomba, na ukifa ana kazi kwenye msiba wako. Nawe una haki hizo hizo kwake. Mpagazi ndilo jina alilotuita sisi sote, tangu baba mpaka mdogo wetu wa mwisho. Mimi nilikuwa "mpagazi wangu mdogo," na nilijivuna nalo kuliko jina la ubatizo.

Alizaliwa wapi hasa na mwaka gani, sijui. Akiulizwa alisema alizaliwa kabla adabu haijafika Tabora, na mpaka leo anaisubiri. Nijuacho ni kwamba alikuja na mumewe aliyekuwa fundi wa reli, wakapanga nyumba iliyopakana na yetu pale Isevya. Mume akafariki, yeye akabaki na cherehani na ule ulimi.

Kuhusu kuchukua vitu, mama alipenda kusimulia siku walipofahamiana. Mtani aliingia jikoni kwetu bila hodi, akafunua sufuria kubwa ya maharage, akaonja, akasema haya maharage yamepikwa na mtu aliyekasirika, akatoka nayo. Mama alibaki mlangoni na mwiko mkononi.

"Wee mama! Sufuria yangu!"

"Babu zako walikunywa maji kwenye kisima chetu Kisarawe wakaondoka na ndoo," alijibu bila kugeuka. "Nimefuata ndoo."

Jioni maharage yalirudi kwenye bakuli, yakiwa yameungwa kwa nazi, nasi tukala maharage ya nazi kwa mara ya kwanza na kulamba vidole. Sufuria haikurudi. Kesho yake mama alivuka ua akachukua mkeka mpya wa Mtani, akaukalia mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo vitu vikawa vinahama. Ungeweza kukuta kinu chetu kwake, ungo wake kwetu, na hakuna aliyekuwa na hakika tena cha nani ni kipi. Lakini ile sufuria, yenye mkono mmoja uliopinda, mama hakuisahau. Kila Krismasi, Mtani alipokuja kula kwetu, aliulizwa. Kila Idi, tulipokwenda kumaliza pilau yake, mama aliiangalia ikiwa jikoni na kutikisa kichwa. Angeweza kuichukua siku yoyote. Nadhani alifurahia kudai kuliko ambavyo angefurahia kupata.

Chakula chetu alikidharau waziwazi. Matobolwa, vile viazi vitamu tunavyovichemsha na kuvikausha juani, aliviita kokoto. Alisema sasa anaelewa kwa nini Wanyamwezi walitembea mpaka baharini. Walikuwa wanatafuta kitu cha kutafuna kisichovunja meno. Siku moja nilitumwa kwake kuazima mkasi, nikamkuta amekaa nyuma ya mlango wa stoo, shavu limevimba kwa matobolwa, kibakuli mapajani. Alinitazama bila kupepesa.

"Nayaonja," alisema, "nijue vizuri ninachokitukana."

Aliendelea kuyaonja kwa namna hiyo kila kiangazi.

Usije ukadhani aliwatukana watu wote. Kulikuwa na watu aliowaheshimu sana, na hao walikuwa wale aliotaka waondoke. Kwa hao alikuwa na sinia. Lilikuwa sinia la maua mekundu, na juu yake aliweka soda, bilauri iliyofunikwa kifudifudi, na kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Mwanamume mmoja aliyekuja mara kwa mara akitaka kumuuzia kiwanja alipewa sinia kila alipokuja. "Karibu mgeni wangu. Pole na safari. Nyumbani hawajambo?" Yule bwana alisifu mno adabu ya mama yule, wala hakuelewa kwa nini biashara haikusonga. Sisi tulichungulia dirishani tukifinyana. Tulijua kwamba ukipewa soda na Mtani, umekwisha.

Ila alikuwa na wivu na matusi yake. Sokoni alimsikia mfanyabiashara mmoja wa kutoka Dar es Salaam akisema Wanyamwezi ni wajinga, hata kupunguziana bei hawajui. Mtani aliweka kapu chini. Alichomwambia yule mtu sitakiandika chote, lakini alimaliza hivi: "Hawa wana mwenyewe wa kuwatukana, na mwenyewe ni mimi! Wewe nani kakupa?" Akachukua kapu lake, na kutoka pale mpaka nyumbani alimwambia mama kwamba Wanyamwezi kweli ni wajinga, hata kupunguziana bei hawajui.

Na Tabora yenyewe aliisema vibaya kila siku: vumbi lake, jua lake, maji yake ya chumvichumvi. Kaka yake alipokuja kumchukua arudi kwao azeekee pwani, alikubali papo hapo. Tulimsindikiza stesheni, mama akiwa amevimba macho. Yeye akachungulia dirishani akatupungia kitambaa na kusema ahsanteni kwa vumbi. Baada ya siku chache tu tukaisikia cherehani ikilia upande wa pili wa ukuta. Alikuwa ameshuka Itigi, akamwacha kaka yake aendelee peke yake, akasubiri treni ya kurudi. Mama alikwenda mbio kumuuliza kulikoni.

"Nilikumbuka nimeacha kanga kwenye kamba," alisema Mtani, na akaendelea kushona.

Baba alipofariki ndipo nilipojua mtani ni nini. Nyumba ilijaa watu, na mama alikaa kwenye mkeka hali wala hasemi. Chai ilipoa mbele yake, uji ukapoa, wakaja akina mama wa jumuiya wakamsihi, akawa kama hawasikii. Ndipo Mtani akatoka chumbani amevaa koti la kahawia la baba, miwani ya baba ameipandisha kwenye paji la uso, ameinama kidogo upande wa kushoto kama baba alivyokuwa akiinama, na anapapasa kila dirisha.

"Nani kachukua miwani yangu? Hii nyumba kila mtu mwizi! Nimeiweka hapa, hapa hapa!"

Alikuwa ni baba mwenyewe. Watu waliinamisha vichwa, mabega yanacheza. Kisha tukasikia sauti kutoka kwa mama, tukadhani hatimaye amelia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kucheka ndipo machozi yakaja. Mtani akakaa kando yake na koti lake vilevile, akamshikisha kikombe.

"Haya. Mzee anasema unywe uji."

Mama akanywa. Makaburini, Mtani alikaa juu ya udongo na kukataa kusogea mpaka apewe kuku, kwa sababu mpagazi wake anaondoka bila kuaga. Akapewa kuku. Lakini watu walipokwisha kutawanyika nilimwona amebaki nyuma, amelivua lile koti, analikunja taratibu mkono kwa mkono. Baadaye alilirudisha limefuliwa na kupigwa pasi. Katika miaka yote ile ndicho kitu pekee alichoturudishia.

Mama alipomfuata baba, mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa na kuhamia Dar es Salaam. Mtani alijifunga kanga ya mama, akasimama katikati ya waombolezaji, akafungua mdomo, na hapakutoka kitu. Akaenda kukaa. Hakudai kuku. Nyumba tukaiuza, kwa kuwa sote tulikuwa tumetawanyika, na mimi nikarudi kwa mume wangu nikijiambia nitakuja kumtembelea Mtani kila mwaka.

Sikuja. Tulipigiana simu, akanitukana vizuri mpaka salio linakwisha, halafu masikio yake yakaanza kuchoka, na matusi ya simu yanataka masikio. Miaka ikapita.

Mwaka huu mume wangu ndiye aliyelileta wazo. Yeye ni mtu wa Moshi, na Tabora alikuwa amefika mara moja tu, kwenye msiba wa mama, ambako hakuona kitu zaidi ya turubai. "Twende kwenu kama watalii," alisema. "Watu wanakwenda mbali kutazama miji mikongwe, na mimi nimeoa kwenye mji mkongwe sijauona." Nililipenda wazo lake. Tukapanda treni ya kisasa mpaka Dodoma, tukaunganisha na basi, tukafikia hoteli moja karibu na stesheni, yenye taulo zilizokunjwa kitandani na mapokezi ya kuandika jina. Niliandika jina langu kwenye mji wangu, nikacheka. Bado nilikuwa naona ni mchezo.

Siku nzima iliyofuata tulikuwa watalii kamili. Mume wangu alivaa kofia pana, mimi miwani ya jua. Tulikodi mwongozaji, mtu mzima mwenye maneno mazuri. Akatuonyesha boma la Mjerumani, akatupeleka Kwihara kuona ile nyumba kongwe ya udongo yenye milango ya kuchonga, akatueleza kwamba misafara ilikutana hapa, ikapumzika hapa, ikagawana njia hapa. "Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi," alimwambia mume wangu, kisha akanigeukia mimi kwa upole. "Na mama, ni mara yako ya kwanza Tabora?"

Nilisema hapana, nimewahi kufika. Sijui kwa nini sikusema zaidi. Lakini usiku ule nilikumbuka jambo. Zamani, watalii wachache walipokuwa wakipita Isevya na kofia zao, Mtani alisimamisha cherehani akawatazama mpaka waishe. "Hao siwezi kuwatania," aliniambia. "Nitawataniaje, wana nini na mimi? Na wewe mpagazi, siku ukinijia na miwani ya jua, nitakuwekea kiti na soda."

Asubuhi tulikwenda kwake. Nilikuwa nimemnunulia kitenge kizuri, kimefungwa kwenye karatasi ya kumetameta. Miwani ya jua niliiacha kwenye mkoba, kana kwamba ingesaidia. Tabora haifichi mgeni. Watu walikuwa wametuona bomani, walikuwa wametuona Kwihara, na habari zilikuwa zimelala Isevya kabla yetu.

Alikuwa barazani, amekonda, fimbo kando yake, ushungi mweupe umefungwa kwa makini. Viti viwili vilikuwa vimewekwa tayari, na juu ya kila kiti kitambaa cha kudarizi.

"Shikamoo Mtani," nilisema kwa sauti kubwa, kwa ajili ya masikio yake, nikajiweka tayari.

"Marahaba, mama. Karibuni, wageni wangu. Poleni na safari."

Tukakaa. Alinyanyuka mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaingia ndani na kurudi na lile lile sinia la maua mekundu, maua yake sasa yamefifia, soda mbili, bilauri mbili kifudifudi. Akalitua mezani, chupa zikigongana. Akatuuliza kama nyumbani hawajambo. Akatuuliza mji wetu tumeuonaje.

"Mzuri sana!" alisema mume wangu, ambaye hakujua lolote. Akasifu boma, akasifu stesheni, akasifu milango ya Kwihara.

"Tunashukuru," alisema Mtani. "Wageni wengi wanapapenda."

Nikamkabidhi kitenge. Alikipokea kwa mikono miwili, akaniombea heri, akakiweka mezani bila kukifungua. Mume wangu akaninong'oneza, "Ndiye huyu uliyesema ana mdomo? Mbona mstaarabu kabisa?"

Nilitaka kulia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mwanamke mwenye mvi, na soda mkononi, nataka kulia kwa kuwa hakuna anayenitukana. Baba hayupo, mama hayupo, nyumba ina wenyewe wengine ambao asubuhi ile walinitazama tu nikipita. Katika mji mzima alikuwa amebaki mtu mmoja mwenye haki ya kuniita mpagazi. Ikiwa kwake mimi ni mgeni, basi Tabora yote mimi ni mgeni, na yule mwongozaji aliuliza swali la haki.

Nikaitazama ile karatasi ya kumetameta pale mezani, na hapo ndipo nilipoelewa kosa nimelifanya mimi kwanza. Nimelala hotelini, nimezunguka mji mzima kabla ya kuja kwake, halafu nikaleta zawadi. Tangu lini mtani akaleta zawadi? Mtani anachukua.

Nikaweka soda chini, nikasema naomba kupita uani. Jiko lilikuwa pale pale. Juu ya kichanja, imesuguliwa inang'aa, imefunikwa kifudifudi, ilikuwepo sufuria ya mama, na mkono wake mmoja umepinda vilevile. Nikaishusha, nikaiweka kichwani, nikarudi nayo barazani, nikapita mbele yao, nikashuka ngazi.

"Mke wangu," aliita mume wangu kwa sauti ya mtu anayeona ndoa yake inaharibika mbele ya watu, "unafanya nini?"

Nilikuwa namsikiliza Mtani nyuma yake, na huko palikuwa kimya. Nikapiga hatua nyingine. Bado kimya. Nikafika katikati ya ua, nikiwaza labda amesahau kweli, labda si hasira wala kisasi, ni uzee tu, na mimi nimemwibia bibi kizee sufuria yake.

Kisha fimbo ikagonga sakafu.

"Mwizi! Jamani Isevya, tokeni! Mnyamwezi kaja na kofia za kitalii kuniibia! Anakunywa soda yangu halafu ananiibia!"

Niligeuka. Sikuwahi kusikia maneno matamu kama yale. "Nimefuata sufuria ya mama! Umekaa nayo, mla nazi wewe, mpaka imekuwa na sura nzuri kuliko yako!"

Alikuwa amesimama, ushungi umelegea, ameegemea nguzo ya baraza, anahema. Mume wangu alikuwa amesimama pia, bilauri mkononi, anatutazama kwa zamu. Jirani mmoja alichungulia juu ya ua, akaona, akacheka, akarudi kwenye shughuli zake. Mtani akanikazia macho. Akaanza kichwani, kwenye sufuria. Akashuka mabegani.

"Mzigo umeutua wapi?"

"Hotelini," nilisema.

"Hotelini!" Alimgeukia mume wangu kama shahidi. "Umesikia? Mpagazi wangu anatua mzigo hotelini, na mimi niko hai!" Kisha akaninyooshea fimbo. "Kaulete. Kichwani, usipande bajaji. Na hiyo sufuria itue hapo hapo ulipo. Leo nitawapikia kwenye nini?"

Nikaitua.